Kioo cha Ghorofa ya Tatu

6 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba sikio lako la kushoto limeamua kurudi kazini. Wiki iliyopita nilikupigia simu mara tatu. Mara ya kwanza ulisema, "Hapana, siuzi vioo vya gari." Mara ya pili ukanitakia safari njema. Mara ya tatu mtandao ulikatika, nikashukuru. Basi tuandikiane tu kama watu wa kale.

Sisi hatujambo. Mume wangu bado yuko na mafundi wa umeme. Wanaunga nyaya, zinakatwa, wanaziunga tena. Anasema ni kama kumsuka mtoto asiyetulia. Nimemwambia aniachie mifano ya kazi yangu.

Saluni yangu haijalala. Ungedhani vita ikiwa mpakani, mwendo wa saa moja tu kutoka hapa, watu wataacha kujipamba. Wapi! King'ora kinalia mara mbili tatu kwa siku, tunateremka stoo ya chini ya jengo, kikinyamaza tunapanda na kuendelea tulipoishia. Jumatano mwalimu mkuu wa shule ya wasichana alishuka nusu ya kichwa imesukwa, nusu nywele zimesimama kama zimeona jini. Humo chini akakuta wanafunzi wake kumi na wawili. Akawaambia, "Atakayecheka atarudia darasa." Haikupita dakika moja. Aliyeanza kucheka ni yeye mwenyewe.

Ufunguo wa stoo anao Mama. Wakazi wamempa jina, Jemadari. Wazee anawaweka ukutani, watoto katikati, na wenye redio anawatenganisha ili wasishindane. Hakuna anayembishia.

Watu wengi wamehama. Sisi bado tunafikiria. Vitu sokoni vimepungua, lakini ndimu zipo, nashukuru, maana siku hizi nakula nne kwa siku, na chumvi.

Mama anakusalimia sana.

Mpwa wako,
Kitana


19 Februari

Mpwa wangu Kitana,

Marahaba. Barua yako imenikuta mzima. Sikio halijarudi, limeandika barua ya kuacha kazi. Mwombee heri mumeo, na umwambie avae glavu.

Huku hakuna jipya. Karakana ni ileile, vumbi lilelile, na jirani yangu fundi viatu bado anagonga nyundo tangu alfajiri kana kwamba viatu vinataka kutoroka. Juzi nimekata kioo cha duka la dawa, mita mbili kwa moja na nusu, kipande kimoja, bila mkwaruzo. Nilitaka kukuonyesha, halafu nikakumbuka uko mbali.

Sasa nikusahihishe mambo mawili.

La kwanza, mamako hakunisalimia. Dada yangu namjua. Hajanisalimia tangu mke wangu alipozikwa, na hiyo ni miaka sita. Hata maziko hakuja. Salamu zake unazibuni wewe kwa huruma yako, na mimi nazipokea kwa huruma yangu, lakini tusidanganyane.

La pili, mtu hali ndimu nne kwa siku kwa sababu ya vita. Ana miezi mingapi huyo?

Njooni huku. Vyumba viwili viko tupu na kitanda nimekaza misumari. Njoo wewe, mumeo, na yeyote mwingine mtakayeona anafaa kupakiwa kwenye mzigo. Sitamtaja kwa jina. Anajijua.

Mjomba wako


1 Machi

Mpwa wangu,

Redio imesema makombora yameanguka mjini kwenu jana asubuhi. Wametaja mtaa wa ghala la matairi. Hilo ghala liko nyuma ya jengo lenu, nalijua, nimepita hapo miaka yote kabla sijahama.

Simu haishiki. Nimempa fundi viatu anipigie, yeye ana masikio mawili, naye hakupata kitu. Ukipata barua hii jibu hata kwa mstari mmoja. Andika "tupo." Herufi nne tu.

Mjomba


4 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Tupo.

Najua utakuwa umesikia redioni. Posta ilifungwa siku nne, na hii nampa dereva wa lori la unga anayekuja pande zenu, kwa hiyo sijui itafika lini. Mimi mzima, mume wangu mzima. Siku ile alikuwa juu ya nguzo upande wa pili wa mji, na amesema hajawahi kuteremka nguzo kwa kasi ile.

Nikuhadithie ilivyokuwa. Jumamosi, saa nne na robo asubuhi. Kitini nilikuwa na bibi harusi. Ndoa ilikuwa saa tisa. King'ora kikalia, nikamwambia tushuke. Akasema, "Dada, nywele zangu!" Nikamwambia, "Nywele zitashuka na kichwa." Tukashuka na vitana, rola, kiti na kila kitu. Tulikuwa ngazi ya mwisho kuingia stoo ndipo kombora lilipoanguka.

Mjomba, sauti yenyewe sikuisikia vizuri. Nilihisi sakafu imenirusha, kisha vumbi, kisha sauti nyingine ndefu, kama mtu anamwaga gunia la sarafu lisilokwisha. Vilikuwa vioo. Vioo vya jengo zima, ghorofa tano, vikimwagika mtaani.

Ghala la matairi liliungua siku mbili. Mtaa ule wa nyuma wamekufa watu kumi na mmoja. Wawili walikuwa wateja wangu. Mmoja nilikuwa nimemsuka Alhamisi, akanitania kwamba mwezi mzima hataniona. Sijaweza kuandika zaidi ya hapo, nisamehe.

Lakini nataka ujue na hili. Tulikaa humo chini zaidi ya saa tatu na nusu. Bibi harusi alilia, akachoka kulia, akaketi, akasema, "Basi malizia." Nikamalizia. Mistari ilipinda kidogo upande wa kushoto. Watu walitushikia tochi. Mwalimu mkuu alishika rola mdomoni. Bwana harusi alifika saa nane kwa miguu, kavaa suti, kapakwa masizi toka utosini hadi viatuni, kwa maana alipita akisaidia kubeba majeruhi. Alipomwona bibi harusi akasimama mlangoni akasema, "Mbona umependeza hivyo na mimi niko hivi?" Stoo nzima ikapiga vigelegele. Wakaoana saa tisa kamili. Hawakuchelewa hata dakika.

Saluni haina kioo hata kimoja. Wateja sasa wananiamini kwa upofu.

Mama hajambo.

Mpwa wako,
Kitana


8 Machi

Mpwa wangu,

Bado sijapata neno. Kila lori likisimama natoka nje. Leo nimekata kioo vibaya mara tatu.

Mjomba


21 Machi

Kitana, mwanangu,

Marahaba, na tena marahaba! Barua imefika jana. Dereva wa unga aliiweka chini ya kiti chake wiki mbili, akasahau, akaikuta alipokuwa akitafuta soksi. Nilitaka kumkasirikia, nikajikuta nimemkumbatia. Fundi viatu alifunga kazi, tukaisoma pamoja, naye akaniambia mara tano, "Soma tena pale pa bwana harusi."

Nawapa pole kwa mliowapoteza. Mimi sina maneno ya kutosha, kwa hiyo niseme pole tu.

Sasa nijibu swali moja, tena bila kunizungusha. Umeniandikia kurasa tatu. Umenieleza mpaka rangi ya masizi. Halafu mwisho kabisa: "Mama hajambo." Maneno mawili. Dada yangu tangu azaliwe hajawahi kuwa hajambo kwa maneno mawili. Alikuwa wapi?

Nakuuliza kwa sababu kile kioo kikubwa cha sebuleni kwenu, ghorofa ya tatu, kile kinachotazama barabara, nilikikata mimi. Nilikitia mimi kwenye fremu kabla sijahama, kiwe zawadi yake. Alitaka dirisha kubwa apate kuona mtaa mzima akiwa ameketi. Nilimwambia vipande vidogo ni salama zaidi. Akataka kikubwa, nami nikampa kikubwa.

Sipati usingizi mpaka unijibu.

Mjomba wako


5 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mume wangu anakusalimia, na mtoto anakusalimia kwa mateke. Ndiyo, ulipatia. Mwezi wa sita nitajifungua. Sikukwambia kwa sababu ungekuja kunibeba begani.

Nilikuficha, ni kweli. Mama alinikataza. Alisema, "Usimwombe mtu huruma kwa posta."

Siku ile alifungua stoo, akawahesabu watu, kisha akapanda nyumbani kuchukua dawa ya bibi wa mlango wa pili. Akiwa sebuleni akamwona muuza magazeti kule kwenye kona bado anaokota karatasi zake. Mama akaligonga dirisha, akamwita, hakusikia. Akafungua kidirisha cha pembeni akapaza sauti ile unayoijua: "Wewe! Acha magazeti, ingia ndani!" Yule akaacha, akakimbia, akaingia mlango wa jengo letu. Hapo hapo likaanguka. Pale alipokuwa amesimama pana shimo.

Kioo kilimwangukia Mama. Aliinua mkono wa kulia kukinga uso. Ameshonwa nyuzi ishirini na mbili, kuanzia kiwiko hadi kiganja. Uso wote uko salama, na ulimi uko salama zaidi. Vidole viwili bado havikunji vizuri.

Nilimsomea barua yako. Pale pa kioo akageukia ukuta. Baadaye akasema, "Mwandikie kwamba kioo chake kimesimama miaka kumi na tisa, hakikupata hata ufa. Kilichoanguka ni kombora. Na mwambie kwamba kingekuwa vipande vidogo nisingemwona yule wa magazeti."

Hii sikuibuni, Mjomba. Ni ya kwake neno kwa neno.

Kuhama amekataa. "Nikiondoka, nani atawafungulia watu stoo?" Na mimi sitamwacha na mkono ule. Madirisha ya mji mzima tumeyafunika nailoni. Upepo ukivuma, jengo lote linapumua kama mgonjwa. Mafundi vioo wawili waliokuwepo walihama mwezi wa kwanza.

Sikuombi kitu. Nimekueleza tu hali ilivyo.

Kitana


9 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo, kutoka jikoni kwako!

Nimefika salama, treni ilichelewa saa nne tu. Nyumba yako nzuri, ila nimehamisha kabati, nimetupa masufuria mawili yaliyotoboka, na kalenda ya ukutani ilikuwa ya mwaka juzi. Fundi viatu ananiletea maji kila asubuhi na ananiuliza kila asubuhi kama ni leo. Namwambia si leo. Anarudi kazini amesikitika.

Bado nacheka peke yangu nikikumbuka ulivyofika. Hukuandika, hukupiga simu. Tulisikia lori linapiga honi barabarani, tukachungulia kwenye tundu la nailoni, tukakuona umekaa juu ya makreti ya vioo umejifunika blanketi, mweupe kwa vumbi. Vioo vyote vya karakana! Ukapanda ngazi, ukasimama mlangoni, ukasema, "Shikamoo, Dada." Akakutazama, akakutazama, mimi nikashika tumbo nikidhani nitazaa pale pale. Mwisho akasema, "Vimevunjika vingapi njiani?" Ukasema viwili. Akasema, "Marahaba. Vua viatu."

Sasa wewe uko naye, mimi niko kwako. Kila mtu yuko nyumbani kwa mwenzake na mji mmoja tu ndio wenye king'ora. Mume wangu anasema hiyo ndiyo akili ya familia yetu. Mwambieni ale.

Mjomba, kuna jambo nimelijua huku. Nimekaa nalo siku tatu. Sijui kama ni langu kulisema, lakini nadhani kulificha ni vibaya zaidi.

Siku ya pili fundi viatu alinitazama sana akauliza, "Wewe una dada? Au mama?" Nikamuuliza kwa nini. Akasema siku ya maziko ya mkeo, mwanamke aliyefanana nami kama pacha, mtu mzima, amevaa koti la kijani, alisimama upande wa kibanda chake, ng'ambo ya barabara, toka asubuhi mpaka watu wanatawanyika. Alimpa kiti, akakataa. Alimpa maji, akanywa. Akamuuliza, "Huingii?" Akasema, "Niko hapa hapa." Kisha akapanda basi la jioni.

Mjomba, lile koti la kijani nalijua. Lilikuwa kabatini kwetu mpaka mwaka jana. Mwaka ule Mama aliniambia anakwenda kumwona daktari wa macho, akarudi kesho yake.

Alikuja. Ukiweza, muulize.

Kitana


24 Mei

Kitana mwanangu,

Marahaba. Mumeo anakula, mkono wa dada yangu unapona, na madirisha mia moja na arobaini yana vioo. Ya ghorofa yenu bado. Amesema yawe ya mwisho, asije mtu akasema amejipendelea.

Tunafanya kazi pamoja. Vidole havimruhusu kushika kitu kizito, kwa hiyo yeye anapima na kuandika, mimi nakata. Tunagombana kila dirisha. Jana alisema sentimita themanini na sita na nusu, nikamwambia themanini na saba, nikakata themanini na saba, kikagoma kuingia. Alikaa kwenye ngazi akacheka mpaka mwalimu mkuu akatoka kuuliza kuna nini. Watu wananiuliza kwa nini naweka vioo na vita haijaisha. Nawajibu, mpwa wangu anasuka nywele akijua zitafumuliwa, na hajaacha kusuka.

Barua yako niliisoma nikiwa kwenye ngazi, nikateremka. Nilikaa nayo siku sita. Kila nikitaka kusema, puti ya kubandikia vioo inanikaukia mkononi.

Jana saa sita king'ora kikalia. Tukawashusha watu, akafunga mlango, tukakaa ngazi ya chini mimi na yeye. Nikamwambia, "Dada, fundi viatu anakusalimia." Akasema, "Fundi viatu gani?" Nikasema, "Yule aliyekupa maji."

Aliugeuzageuza ufunguo wa stoo mkononi. Nikadhani ameghadhibika. Halafu akaanza kusema akiwa ametazama ule ufunguo.

Akasema, "Ulipohama kumfuata mkeo, nilisema amenipora ndugu yangu. Alipokuwa akipiga simu nilikuwa nakata. Alinitumia kitenge, nikakigawa. Alinisalimu miaka minane, sikumjibu hata mara moja. Kisha nikasikia amekufa. Nikapanda basi. Nilipofika langoni nikajiuliza, nimemnyima salamu akiwa hai, niingie na uso gani kumpa leo, naye hasikii?"

Nikamwambia, "Ungeingia tu, Dada. Mimi nilikuwa nasikia. Wakati ule nilikuwa na masikio yote mawili."

Akanipiga bega kwa ule mkono mbovu, akaumia yeye, tukacheka, tukalia, sijui kipi kilitangulia. Muuza magazeti alikuwa ameketi nyuma yetu, akajifanya anasoma gazeti. Alilishika juu chini.

Mjomba wako


12 Juni

Mjomba, na Mama ukiwa unasikiliza,

Shikamooni wote wawili. Ni msichana!

Jumanne, saa saba mchana, kilo tatu na robo. Ana sauti, Mama, utaipenda. Mkunga, nilipomsimulia habari za stoo, alisema huyu akipewa ufunguo watu watashuka wenyewe bila king'ora.

Uchungu ulinikuta nikifagia. Nilipiga kelele moja tu, fundi viatu akaruka dirisha, kavaa kiatu chake kimoja na cha mteja kimoja, chenye kisigino kirefu. Alinishika mkono mpaka hospitali akichechemea, watu wakadhani mgonjwa ni yeye. Wauguzi walimwekea kiti cha magurudumu kabla yangu. Sasa anapita mtaani anasema "tumejifungua salama."

Mume wangu alipata ruhusa ya siku tatu, alifika jana. Amemshika mtoto kama anavyoshika waya wenye umeme. Tuko salama, tumeshiba, tumechoka.

Mama, najua una stoo. Najua una watu. Sikuombi kitu, nakueleza tu hali ilivyo. Ana kidevu chako.

Kitana


20 Juni

Mpwa wangu, na sasa mama wa mtu,

Marahaba kwako, na kwa mjukuu wetu marahaba hata kabla hajajua kusalimu! Barua yako niliisoma kwa sauti nikiwa uani, na jengo lote lilikuwa madirishani. Madirisha yana vioo sasa, kwa hiyo iliwabidi wafungue ili wasikie. Vigelegele vilivyopigwa, hata sikio langu la kushoto lilishtuka.

Dada alikwenda chumbani, akafunga mlango. Alipotoka alikuwa ameshafunga sanduku. Sikumuuliza. Wiki ya tatu hii king'ora hakijalia, lakini hakuangalia hilo. Alimwita mwalimu mkuu, akamkabidhi ufunguo wa stoo, akamfundisha saa nzima namna ya kuwapanga wenye redio.

Kioo cha sebuleni nilikiweka juzi. Nilimuuliza vipande vidogo au kimoja. Nadhani jibu unalijua. Tulikibeba watu wanne kupanda ngazi, muuza magazeti akiwa mbele akipiga kelele za kupisha.

Tiketi tunazo. Treni inafika Alhamisi saa nane mchana. Usije stesheni na mtoto juani, wala usimtume fundi viatu, atatuchelewesha kwa maneno. Ni mwendo wa dakika ishirini tu, tutatembea.

Ila tutachelewa kidogo. Dada amesema kabla ya kuja nyumbani nimpitishe makaburini kwanza. Nilimuuliza anataka kwenda kufanya nini. Akasema anakwenda kumsalimia wifi yake, na kwamba ana mengi, kwa hiyo msitungoje kula.

Mjomba wako